Saksihoni ni nini?

Saksihoni ni familia ya tarumbeta za shaba ya manjano iliyobuniwa Paris miaka ya 1840 na fundi Mbelgiji, Adolphe Sax. Saksofoni pia ni yake, lakini ile hulia kwa ulimi wa tete. Saksihoni hulia kwa midomo ya mpigaji mwenyewe, ikitetemeka kwenye kikombe kidogo cha chuma.

Tarumbeta isiyo na valvu, yaani kitufe cha kubadili njia ya pumzi, ina noti chache tu. Mwaka 1818, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) ya valvu huko Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo. Ukiibonyeza, pumzi huzungushwa kwenye kipande cha ziada cha bomba. Njia ikirefuka, sauti hushuka. Valvu ya pili hushusha nusu toni (toni ni hatua moja ya sauti), ya kwanza toni nzima, ya tatu toni moja na nusu.

Kwa hiyo valvu si ya Sax, na washindani wake walimsumbua mahakamani miaka mingi wakisema hana jipya. Nadhani hawakumtendea haki. Bendi za wakati huo zilichanganya vyombo vya kila umbo, kila kimoja na sauti yake na namna yake ya kubonyeza. Sax alichukua umbo moja, bomba linalopanuka polepole hadi mwisho wake mpana unaotoa sauti, akalitengeneza kwa saizi nyingi, kuanzia dogo la sauti nyembamba hadi kubwa la sauti nzito ya besi. Sauti zikashikana kama za ndugu, na aliyejifunza kupiga moja aliweza kuhamia nyingine bila kuanza upya. Kwa bendi za wafanyakazi, watu wenye saa chache za mazoezi, hilo lilikuwa jambo kubwa sana.

Aprili 1845 bendi yake ilishindanishwa na bendi ya mtindo wa zamani kwenye uwanja wa Champ de Mars, Paris, na mwaka huohuo jeshi la Ufaransa likavipokea vyombo vyake. Hata hivyo alifilisika mara tatu: 1852, 1873 na 1877.

Uingereza, saksihoni zilienezwa na familia ya Distin, wapigaji waliokutana na Sax Paris mwaka 1844. Walikuwa mawakala wake kabla ya kuanza kutengeneza vyao, hivyo saksihoni kongwe yenye jina la Distin huenda ilitoka mikononi mwa Sax. Teno honi na baritoni, tarumbeta za sauti ya kati katika bendi za Kiingereza za leo, ni za ukoo huo.