Nani atahesabu?

Mgonjwa akija kuulizia majaribio ya dawa mpya ya kifafa, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: "Daktari, nitapewa dawa au kidonge kitupu?" Ni haki yake kuuliza. Huwa namwambia wazi kwamba inawezekana akapata kidonge kitupu, yaani plasebo. Huamuliwa kwa kura, na hata mimi sitajua kapata kipi. Ila dawa zake za kila siku haachi. Katika majaribio mengi ya kifafa, kidonge cha utafiti huongezwa juu ya zile anazotumia.

Pamoja na hayo hatari ipo, na sipendi ifichwe. Mwaka 2011 Philippe Ryvlin na wenzake walipitia majaribio 112 ya aina hii. Kwa waliopewa dawa ya kutosha, vifo vya ghafla vya kifafa vilikuwa 0.9 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Kwa waliopewa plasebo, 6.9. Ndiyo maana nayapenda majaribio yanayomruhusu mgonjwa kutoka kwenye plasebo mapema, mara kifafa kikishamshika idadi ya mara iliyopangwa tangu mwanzo. Na kujitoa anaweza siku yoyote, bila kueleza sababu. Ninachomsihi ni kimoja tu: asiviache vidonge ghafla, tuvipunguze pamoja, maana kukatisha dawa kunaweza kuleta degedege lisilokatika.

Swali ambalo wachache huuliza ni la nani atahesabu mara anazoshikwa na kifafa, na kwangu ndilo kubwa zaidi.

Kabla ya kidonge chochote cha utafiti, kwa kawaida hupita wiki 4 hadi 8 za kuandika tu. Hakuna kipimo cha damu kinachosema mtu ameshikwa mara ngapi mwezi huu. Tunachotegemea ni daftari. Dawa huhukumiwa kwa kulinganisha daftari la kabla na la baada, na tunaangalia hasa ni wangapi ambao idadi imepungua kwa nusu au zaidi.

Nimeletewa madaftari ya wiki sita yaliyojazwa kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, bila shaka kwenye benchi la kusubiria. Simgombezi mtu, aliyeshikwa mara nyingi hakumbuki. Nimeletewa pia daftari la mama mmoja: "Jumanne, saa 11 alfajiri. Alitafuna mate, mkono wa kulia ukakakamaa, dakika 2. Hakuanguka." Neno hilo la mwisho lina thamani kubwa. Watu wengi huandika siku za kuanguka tu. Kukodoa macho sekunde chache, kutafunatafuna, kupapasa nguo bila kujua, vyote ni kifafa na vyote vinahesabiwa. Visipoandikwa mwanzoni vikaanza kuandikwa baadaye, dawa nzuri itaonekana haifai.

Majaribio haya mara nyingi huwahusu wale ambao dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zimeshindwa kuwatuliza, na hao ni kama theluthi moja ya wenye kifafa. Wanayangoja majibu haya kuliko yeyote.

Kwa hiyo, kabla fomu ya ridhaa haijasainiwa, humwomba mgonjwa aje na mtu anayelala naye chumba kimoja. Tunakaa watatu, tunazipa majina dalili zake moja moja, kisha tunaandika pamoja ukurasa wa kwanza.