Nembo ya API si resipe ya oili

Wengi tumeaminishwa kwamba oili mbili zenye alama ile ile, tuseme API SP (kiwango cha ubora wa oili ya injini cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, API) na 5W-30 (kipimo cha uzito au wepesi wa oili kutiririka), ni kitu kimoja kwenye makopo tofauti. Sivyo.

Nembo hiyo ya duara hueleza oili imefaulu mitihani gani, haielezi imechanganywaje. Kwa SP, iliyoanza Mei 2020, oili huendeshwa ndani ya injini halisi: injini hufunguliwa, masizi kwenye pistoni yakakaguliwa, na cheni ya taimingi ikapimwa imerefuka kiasi gani. Namna ya kufaulu ni juu ya mtengenezaji. Mmoja ataongeza kalsiamu ya kusafisha, mwingine atachanganya na magnesiamu, na wote wakapita.

Mipaka ya kemikali ipo, ila ni michache. Fosforasi, inayokinga vyuma visisagane, katika 5W-30 ya petroli yenye nembo hiyo haizidi asilimia 0.08 wala kupungua 0.06, kwa sababu ikizidi huharibu kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi.

Kwa hiyo fundi akipima oili mbili maabara akakuta namba tofauti, asikimbilie kusema moja ni feki.