Jike akikataa: nzi wa ndizi na mwanzo wa spishi

Mama ninayenunua ndizi kwake sokoni Kibuye, Kisumu, hunicheka. Mimi ndiye mteja wake pekee anayetafuta zilizoiva hadi kupita, zenye madoa meusi na harufu inayokaribia busaa. Naziacha dirishani usiku kucha, asubuhi nina nzi wa kazi ya wiki nzima. Chakula chao napika mwenyewe: unga wa mahindi, sukari nguru, hamira na kitu cha kugandisha. Katika nyuzi 25, yai linakuwa nzi kamili kwa siku 10 hivi.

Kazi yangu ni kuangalia nani anakubali kupandwa na nani. Afrika Mashariki tunao nzi wawili wanaofanana kama mapacha, Drosophila melanogaster na Drosophila simulans. Majike huwezi kuwatenganisha kwa urahisi hata ukitumia hadubini. Madume unawajua kwa umbo la sehemu zao za siri. Sisi ndio tunaohangaika. Wao wenyewe hawachanganyikiwi sana.

Tia dume na jike wa melanogaster kwenye kichupa cha kioo, usogeze lenzi. Dume anageuka kumtazama jike, anamfuata nyuma, kisha anamgusa tumbo kwa mguu wa mbele. Mguso huo si wa kubembeleza tu. Nzi huonja kwa miguu, na ngozi ya jike wa melanogaster ina aina ya nta inayomwasha dume wa spishi yake. Dume wa simulans akionja nta hiyo hiyo anaachana naye. Ajabu ni kwamba seli za mguuni zinaihisi nta katika spishi zote mbili. Kilichobadilika ni nyaya za ubongo, upande mmoja zinachochea, upande mwingine zinazuia.

Akiridhika, dume ananyoosha bawa moja, moja tu, analitetemesha. Huo ndio wimbo. Kati ya mdundo na mdundo, melanogaster anaacha takriban sehemu 35 za elfu za sekunde, simulans karibu 50. Jike anasikiliza. Asipopendezwa anarusha teke, anakimbia, na habari imeishia hapo. Utaratibu huu wote wa dume unategemea sana jeni iitwayo fruitless. Mwaka 2005 watafiti wa Vienna waliwapa majike toleo la kiume la jeni hiyo, na majike hao wakaanza kuwatongoza majike wenzao.

Hapa lazima nikiri aibu yangu. Kuna wakati madume wa ukoo mmoja niliokuwa nao walipanda vizuri kabisa, lakini mayai hayakuanguliwa. Nikajisifu mwezi mzima kwamba naona spishi ikigawanyika mbele ya macho yangu. Kumbe kabati la kulelea lilikuwa limezimika kila stima ilipopotea, na joto la Kisumu mnalijua. Dume aliyelelewa kwenye nyuzi 30 hivi anaimba kama kawaida, ila mbegu zake ni bure.

Utasa wa kweli wa chotara una asili nyingine. Mtafiti wa Marekani Alfred Sturtevant, aliyemtambua simulans mwaka 1919, aliwapandisha hawa wawili. Mama akiwa melanogaster na baba simulans, wana wa kiume wanakufa wakiwa mabuu, mabinti wanaishi lakini ni tasa. Kwa nini? Fikiria mafundi wawili wa jua kali, kila mmoja anachonga nati na bolti zake. Mmoja anabadilisha nafasi za meno kidogo kidogo, na mwenzake vilevile, kila mmoja kwa njia yake. Katika kila karakana vitu vinakazana vizuri. Chukua nati ya huyu na bolti ya yule, hazishikani. Hakuna fundi aliyekosea.

Nati na bolti za nzi hawa zinajulikana. Jeni moja, Hmr, iko kwenye kromosomu ya X ya melanogaster, ambayo mwana wa kiume anaipata kwa mama. Nyingine, Lhr, inatoka kwa baba simulans. Haribu mojawapo tu na wana wa kiume wanapona. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba zinagongana zenyewe kwa zenyewe, na baadaye ikapatikana ya tatu, gfzf. Spishi hizi ziliachana yapata miaka milioni 2 hadi 3 iliyopita, na muda wote huo jeni hizo hazikuwahi kukutana ndani ya mwili mmoja. Ni nani angeona kasoro?

Juzi mama wa ndizi akaniuliza, “Mwalimu, si hawa ndio wanaharibu maembe?” Si hawa. Wanaodunga maembe ni wa familia nyingine kabisa, Tephritidae, na wengi wao jina lao la kwanza ni Bactrocera. Mmoja wao aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, na mwaka 2005 akapewa jina kama spishi mpya, Bactrocera invadens. Kisha watafiti wakamfungia pamoja na Bactrocera dorsalis wa Asia. Wakapandana bila kubaguana, na watoto wao wakazaa. Vipimo vya maumbo na DNA navyo vikakubali, na mwaka 2015 jina invadens likafutwa.

“Kumbe majike ndio mahakimu,” akasema mama, akinifungia ndizi mbili zilizopasuka ambazo sikuzilipia.