Lorosa'e na loromonu si makabila

Kila Timor Mashariki inapotajwa, hakosekani mtu wa kusema kwamba mwaka 2006 "makabila mawili", lorosa'e na loromonu, yalichinjana Dili, mji mkuu: polisi wa kabila hili, jeshi la kabila lile. Nimelisikia mara nyingi mno, na si kweli.

Maana ya maneno hayo ni fupi. Lorosa'e ni mtu wa wilaya za mashariki, kama Baucau, Viqueque na Lautem. Loromonu ni wa magharibi. Kwa Kitetum, lugha ya huko, loro ni jua. Sa'e ni kupanda, monu ni kuanguka. Mawio na machweo, basi.

Hayo ni majina ya upande, si ya ukoo wala lugha. Mashariki kuna Wamakasae na Wafataluku. Magharibi kuna Wamambae, Wabunak na Wakemak, kila mmoja na lugha yake. Mgiriama na Mbajuni wote ni wapwani, lakini nani atawaita kabila moja? Hata majina ya utani ya zamani, firaku kwa wa mashariki na kaladi kwa wa magharibi, ni ya kutaniana tu. Wapo wanaosema kaladi limetoka kwenye Kireno calado, mtu mkimya. Wengine wanalitoa kwenye Kimalei keladi, yaani magimbi. Mimi naegemea magimbi. Ile ya ukimya inanukia hadithi iliyotungwa baadaye.

Kilicholeta damu ni nyumba na sare. Mwaka 1999, baada ya kura ya kujitenga na Indonesia, wanamgambo na jeshi la Indonesia waliharibu karibu asilimia 70 ya majengo ya nchi. Nyumba za Dili zilizobaki wazi zikakaliwa na waliowahi, bila hati, na ugomvi wake haukwisha. Kisha Umoja wa Mataifa ukaunda polisi na kuingiza mamia ya waliokuwa polisi wa Indonesia. Hata mkuu wao, Paulo Martins, alitoka huko. Jeshi lenyewe lilizaliwa na wapiganaji wa msituni wa Falintil, waliopigana na Indonesia, na makamanda wengi walikuwa wa mashariki. Kwa hiyo askari alipomtazama polisi hakuona kabila, aliona mtu wa utawala wa jana. Naye polisi aliona watu waliojimilikisha uhuru uliopatikana 2002.

Mwanzoni mwa 2006 wanajeshi karibu 600, wengi wa magharibi, walilalamika kwamba wanabaguliwa katika kupandishwa vyeo. Waliacha kambi, wakafukuzwa Machi. Mei 25, baada ya jeshi na polisi kurushiana risasi katika makao makuu ya polisi Dili, maofisa wa Umoja wa Mataifa walipatana na jeshi kwamba polisi waweke silaha chini na kutoka. Wakatoka kwa miguu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, mikono mitupu. Wanajeshi wakawamiminia risasi barabarani, wakaua 8.

Ugomvi wa taasisi mbili zilizoundwa vibaya ukapata lugha ya mashariki na magharibi, na vijana mitaani wakaanza kuchomeana nyumba kwa lugha hiyohiyo. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiandika tena habari hizi, "mgawanyiko wa kimaeneo" utatosha. Na mkitaka kusema nani alimpiga risasi nani siku ile, semeni jeshi na polisi.