Kuzima na kuwasha ruta hakutibu kila tatizo
Mjini Moshi, iwe mtaa wa Majengo au Soweto, intaneti ya nyumbani ikisumbua ushauri ni uleule: zima ruta, washa tena. Una msingi wake, maana ruta iliyoelemewa huanza upya ikiwa nyepesi. Lakini kwa wenye faiba (intaneti inayosafiri kwa mwanga ndani ya waya), taa ya LOS, yaani ya kupotea kwa mawimbi, ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa: huenda waya umekatika au umekunjwa mno. Hapo utazima hadi jioni bure, mwite fundi.

Taa zikiwa sawa, pima kasi ukiwa kando ya ruta, kisha chumbani. Ikishuka chumbani tu, shaka kuta: mawimbi ya Wi-Fi ya 5 GHz hupenya tofali kwa shida kuliko ya 2.4 GHz. Ikiwa mbovu kote, chomeka kompyuta kwa kebo upime tena kabla ya kununua ruta mpya (muuzaji hatakukataza).