Picha mbovu ya mapigano: itazame upande wa mshono

Ubishi wa picha za mapigano vibarazani Malindi una pande mbili. Wa kwanza: picha ya kuiga ni takataka, stelingi kajifunga kitambaa kichwani kama Rambo, bunduki haiishi risasi, mdomo waenda huku maneno yaenda kule. Wa pili: si umecheka? Basi. Mimi naona wote hawatazami panapostahili. Anayejifunza kushona huigeuza kanzu ndani nje, na picha ya bei rahisi ni kanzu iliyokwisha kugeuzwa. Mishono yote iko wazi.

Chukua ngumi. Ngumi ya sinema haigusi, hupita mbele ya uso na kuacha nafasi ya kiganja kizima au zaidi. Kamera ikikaa nyuma ya bega la mpigaji au kisogoni mwa anayepigwa, nafasi hiyo hufichika, maana ngumi na shavu vimeingia mstari mmoja. Ikikaa ubavuni, utaona hewa ikipigwa. Picha mbovu hupenda ubavuni, mara nyingi kwa sababu nyuma palikuwa na ukuta na hakuna aliyetaka kuhamisha taa.

Halafu kishindo. Sinema huenda fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24 moja moja zinazofuatana. Sauti ya kishindo ikichelewa fremu 3, yaani thumuni ya sekunde, mtazamaji hajui nini kimeharibika ila ngumi anaiona nyepesi. Mhariri mjuzi hung'oa fremu mbili tatu pale pale mkono unapofika, ukaonekana kama umeruka. Mvivu huziacha zote, nawe ukamwona adui amegeuza shingo kabla hajapigwa.

Ujanja mwingine ni kupiga kwa fremu 20 kisha kuonyesha kwa 24, mikono ikaenda mbio. Wewe usitazame mikono. Tazama vumbi na ncha za nguo: vikishuka kama vina haraka, umewakamata.

Kuhusu risasi, hesabu ni fupi. Magazini ya kawaida ya AK-47 hubeba 30, na bunduki hiyo hufyatua kama 600 kwa dakika. Sekunde 3, kwisha. Stelingi akikamua sekunde 10 bila kubadilisha, ametoa 100. Lakini kosa hili tusiwatwike maskini peke yao; picha za mamilioni hufanya vivyo hivyo, ila mikato yake, yaani pale kipande kimoja kinapokatwa kuingia kingine, ni mingi hata huwahi kuhesabu.

Sasa Waitaliano, na hapa Malindi tuna faida kuliko Nairobi. Baada ya Rambo ya pili kuvuna fedha mwaka 1985, waigaji wa Italia waliendelea kupiga picha za vita msituni Ufilipino. Bruno Mattei alijiita Vincent Dawn, Antonio Margheriti akajiita Anthony M. Dawson, ili bango lisomeke Kimarekani. Zama zile Waitaliano waliingiza sauti baadaye studioni, na mbele ya kamera waigizaji waliweza kusema kila mmoja lugha yake. Mji ambao muuza vinyago anapatana bei kwa Kiitaliano hauhitaji kuambiwa: sauti yasema Kiingereza, mdomo umesema “andiamo”. Katika Strike Commando ya Mattei, mtoto yuko kufani na stelingi, Reb Brown, anamhadithia Disneyland. Hapo cheka, huna kosa. Lakini jiulize kwa nini umecheka: huzuni imewekwa mahali ambapo hakuna kilichotangulia kuijenga. Hilo ni somo la uandishi, tena la bure.

Godfrey Ho wa Hong Kong alikwenda mbali zaidi. Kampuni aliyoifanyia kazi ilinunua picha za Asia zisizojulikana, yeye akapiga vipande vichache vya Wazungu waliovaa kininja, akabandika, akatia sauti upya. Kiraka utakijua kwa simu. Watu wawili wanagombana kwa simu picha nzima na hawakutani hata mara moja, kwa sababu kila mmoja yuko kwenye picha yake. Katika Ninja Terminator simu yenyewe ina umbo la paka Garfield. Samurai Cop ya 1991 kiraka chake ni nywele: mwigizaji mkuu alikwisha kunyoa, akaitwa kurudia vipande, akavikwa wigi la kike. Ukishalijua wigi lile, unaweza kutenganisha siku za kazi kwa macho tu.

Nikitetea picha hizi mbele ya mbishi, hoja yangu kubwa ni kipande kirefu kisichokatwa. Katika Taken 3 ya 2014, Liam Neeson anaruka ua kwa mikato zaidi ya kumi ndani ya sekunde chache. Fedha ipo, mruko haupo. Picha nyingi rahisi hazikuwa na muda wa kupiga pande nyingi. Kamera imesimama mbali na mtu mzima mzima anaanguka ngazini. Kaanguka vibaya, lakini kaanguka. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, katika Who Killed Captain Alex? ya 2010, alitumia kondomu zilizojazwa rangi nyekundu kuwa majeraha ya risasi. Zinapasuka kwenye nguo ya mtu, mbele yako.

Nisichokitetea ni ubovu wa makusudi. The Asylum, kampuni ya Marekani ya picha za bei rahisi, walitoa Transmorphers mwaka 2007 wakivizia jina la Transformers. Hapo hakuna aliyejaribu akashindwa, na mshono hauna la kukufundisha. Nusu saa ya watu kuzungumza ukumbini ili bajeti isiguswe inachosha tu, labda msimulizi wa aina ya DJ Afro, yule Mkenya anayesimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili, aijaze maneno.

Ukitaka kumaliza ubishi barazani, chagua pigano moja la dakika mbili, zima sauti, hesabu mikato kwa vidole, kisha rudia ukitazama miguu tu. Uzito wa mwili hauigizwi miguuni. Rudia mara ya tatu kwa sauti bila kutazama. Kishindo kilekile kikilia mara nane mfululizo, faili la sauti lilikuwa moja.