Jeni za uvimbe wa limfoma: kinachopimwa na kinachoharibu jibu

Mgonjwa mwenye mitoki isiyopungua mara nyingi huanzishiwa dawa za kifua kikuu, na miezi ikapita kabla hajachukuliwa kinyama, yaani kipande cha tishu cha kupimwa maabara. Jibu likirudi limeandikwa "limfoma" tu, bado halitoshi kuchagua matibabu. Limfoma ni saratani za aina ya seli nyeupe za damu zinazotukinga, magonjwa zaidi ya 60 yaliyokusanywa chini ya jina moja. Mengine hukaa miaka bila kuhitaji dawa, mengine huua ndani ya wiki chache, na baadhi yake hutofautishwa kwa uhakika pale tu jeni za uvimbe zinapopimwa.

Hofu moja iondolewe mapema. Jeni zinazopimwa hapa ni za seli za saratani. Mabadiliko yake yametokea ndani ya seli hizo mtu akiwa tayari amezaliwa, kwa hiyo jibu baya halina maana kwamba watoto wake wameyarithi.

Mfano tunaoujua zaidi Afrika Mashariki ni limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto. Leo tunajua kinachouendesha. Kipande cha kromosomu namba 8 chenye jeni iitwayo MYC hukatika na kwenda kukaa kwenye kromosomu namba 14 katika takriban asilimia 80 ya wagonjwa, na kwa wengine hukutana na namba 2 au 22. Huko MYC huangukia jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika seli hizi hazilali. MYC, ambayo kazi yake ni kuiamuru seli igawanyike, nayo haizimiki tena. Ndiyo maana uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48.

MYC iliyohama haina maana moja kila mahali. Kwa Burkitt ndiyo alama ya ugonjwa wenyewe, na mtoto akiwahi na kumaliza tibakemikali kali, uwezekano wa kupona ni mkubwa: penye huduma kamili hupona takriban watoto 9 kati ya 10. Kwetu idadi hiyo hushuka kwa sababu ya kuchelewa kufika, dawa kukosekana na matibabu kuachwa njiani, si kwa sababu jeni zetu ni tofauti.

Kwa mtu mzima mwenye limfoma ya seli B kubwa (seli B ni seli nyeupe za damu zinazohusika na kutengeneza kingamwili), aina inayoonekana zaidi, mambo hugeuka. Mchanganyiko wa dawa uitwao R-CHOP huponya takriban 6 kati ya 10. Lakini jeni ya MYC ikiwa imehama pamoja na ya BCL2, ambayo huzuia seli kufa, ugonjwa mara nyingi hukaidi R-CHOP, hurudi mapema, na huweza kufika kwenye ubongo. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limeutenga kama ugonjwa wa pekee. Madaktari wengi huutibu kwa dawa kali zaidi, ingawa bado hakuna jaribio kubwa la kulinganisha lililothibitisha kwamba kwa kundi hili zinaishinda R-CHOP.

Kipimo cha kuona kama jeni imehama huitwa FISH. Maabara hukata utepe wa tishu wa maikroni 3 hadi 4, huutia vipande vidogo vya DNA vyenye rangi mbili zinazong'aa vinavyoshika pande mbili za jeni, kisha mtaalamu huhesabu seli kwenye hadubini. Jeni ikiwa nzima, rangi hukaa pamoja. Ikiwa imekatika, huachana. Msomaji wa ripoti aangalie hapa: maneno kwamba protini za MYC na BCL2 "zimeonekana kwa wingi" hutokana na kipimo kingine cha kupaka rangi, na hayathibitishi kwamba jeni zimehama. Tumeona mambo haya mawili yakichanganywa mara nyingi mno.

Majibu mengi huharibika kabla kinyama hakijafika maabara. Prednisolone, dawa ya aina ya steroidi, ikitolewa kabla ya kuchukua kinyama, seli za limfoma hufa haraka, na kinachobaki ni mabaki yasiyosomeka. Maji ya sindano nyembamba pekee hayatoshi kwa kawaida. Mtoki mzima ni bora. Kinyama kiingie mara moja kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 10 yenye bafa, yaani kemikali inayozuia asidi, ujazo wake ukiwa angalau mara 10 ya kinyama. Iliyochanganywa na maji matupu hugeuka asidi kadiri inavyokaa, na asidi huvunja DNA. Formalini hupenya takriban milimita 1 kwa saa, kwa hiyo mtoki mkubwa upasuliwe vipande, la sivyo katikati huoza. Muda mzuri ni saa 6 hadi 72. Kinyama kilichosahauliwa kwenye kichupa kwa wiki mbili kinaweza kusomeka kwa hadubini lakini FISH ikagoma. Mfupa uliolainishwa kwa asidi kali nao mara nyingi hauna DNA ya kupima.

Mgonjwa wa Burkitt asisubirishwe jibu la jeni. Sura ya seli, alama za CD20 na CD10 (protini zilizo juu ya seli), na Ki-67 (alama ya seli zinazogawanyika) inayokaribia asilimia 100 zinatosha kuanza tiba, huku figo zikilindwa kwa maji mengi ya mshipani, kwa maana seli zikifa kwa wingi mara moja humwaga sumu kwenye damu.

Muulize daktari wako aina kamili ya limfoma, kama MYC na BCL2 zimepimwa, na bloku ya nta yenye kinyama chako imehifadhiwa wapi. Ukipewa rufaa, omba bloku hiyo iende nawe pamoja na ripoti, kwani vipimo vya ziada hukatwa kutoka humo. Ugonjwa ukirudi, kinyama kipya kichukuliwe, maana seli zilizonusurika dawa huweza kuwa na mabadiliko ambayo cha kwanza hakikuwa nayo.